Ploti Nyingi, Wakfu Haba

Tangu Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ikawa jiji la nne la Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, gumzo kubwa la mahali hapo limekuwa ni ardhi. Ukishuka kwenye stendi ya magari, dalali wa ploti huenda akakufikia kabla ya mchukuzi wa mizigo. Kuanzia Kiamunyi hadi Lanet, na kutoka Njoro hadi Gilgil, kando ya barabara yamesimikwa mabao ya kutangaza ploti za futi hamsini kwa mia. Na miongoni mwa wanunuzi wamo ndugu zetu wa Pwani pia: wafanyabiashara wa Mombasa, wastaafu wa bandarini, na vijana walioko Uarabuni ambao hutuma fedha nyumbani wapate kununuliwa japo kipande.

Sina ugomvi na mtu kumiliki nyumba. Mali ni neema, na aliyejinyima akajenga vyumba vya kupangisha amefanya jambo la busara. Swali langu leo ni jingine. Huyu mwenye ploti kumi na vyumba arubaini, anapotoa kwa ajili ya Mungu, hutoa nini, humpa nani, na baada ya yeye kufukiwa hubaki nini? Ninalileta swali hili katika ukurasa wa utamaduni kwa sababu kutoa ni desturi kabla ya kuwa hesabu, na sisi watu wa mwambao tumezoea kujisifu kwamba wakfu ni desturi yetu. Yafaa tuitazame desturi hiyo tukiwa Nakuru, mbali na kwetu, tuone kama bado tunayo.

BWANA WA NJORO

Nakuru ina kisa chake cha mwenye ardhi aliyetoa, nacho hakimhusu Mwislamu. Maurice Egerton, lodi wa Kiingereza kutoka Tatton, alikuwa na shamba kubwa huko Njoro. Alijijengea kasri la mawe lenye vyumba 52. Ujenzi wake ulianza 1938 ukaendelea hadi 1954, na mwenyewe hakuwa na mke wala mtoto wa kumjazia vyumba hivyo. Lakini mwaka 1939 bwana huyo alitoa ekari 740 ili ianzishwe shule ya kilimo, na baadaye akaongeza ekari nyingine 1,100. Alifariki mwaka 1958, na cheo chake cha ulodi kikafa naye kwa kukosa mrithi. Ile shule ikawa chuo cha kilimo, na mwaka 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton.

Leo kasri ni mahali pa wageni kutembea na maharusi kupigwa picha. Ardhi aliyoitoa ndiyo inayotajwa kila siku, na maelfu ya watoto wa Kenya wamepata elimu juu yake, wakiwamo watoto wa Lamu, Malindi na Kwale.

Hata hivyo, tusikisimulie kisa hiki nusu. Shule ile ilianzishwa kwa ajili ya vijana wa Kizungu, na Mwafrika hakufunguliwa mlango ila miaka mingi baadaye. Tena ardhi yenyewe ilikuwa katika malisho ambayo Wamaasai waliondolewa kwa mkataba wa mwaka 1904, wakasukumwa Laikipia na kusini, kisha mkataba wa 1911 ukawatoa hata huko Laikipia. Kwa hiyo mtu atauliza: je, hiyo ilikuwa sadaka, au ni kurudisha sehemu ndogo ya kilichochukuliwa?

Sisi watu wa Pwani twalielewa swali hilo vyema. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa mwambao wadai ardhi zao kwa maandishi mbele ya serikali ya kikoloni. Aliyekuwa na ujuzi wa makaratasi akapata hati, na asiyejua akaamka siku moja akaambiwa kuwa yeye ni maskwota. Hadi leo jambo hilo linaliza watu kutoka Vanga hadi Kipini. Mwenye ardhi yeyote anayetaka kutoa, awe Njoro au Kilifi, hana budi kuanza kwa kujiuliza alivyoipata. Mafakihi wetu wamekubaliana kwamba sadaka hailitakasi pato la haramu. Anayenyang'anya ekari mia kisha akajenga msikiti kwenye robo ekari, bado ana deni la ekari mia.

Tukilitia hilo akilini, yabaki mafunzo mawili ya kisa cha Egerton. La kwanza, kitu kinachozaa kikitolewa huishi kuliko mtoaji. La pili, asili ya mali huulizwa, hata ikipita miaka mia.

HOSPITALI NA MUDA WA LISI

Hapo hapo Nakuru upo mfano mwingine. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walowezi walianzisha hospitali ya ukumbusho wa waliokufa vitani, ile ijulikanayo kama War Memorial. Ilisimamiwa na wadhamini kama jambo la hisani. Lakini ardhi iliyokuwa chini yake ilikuwa na sehemu ya lisi, na lisi ina mwisho. Muda ulipokwisha, serikali ya kaunti na wadhamini wakavutana juu ya nani mwenye haki, na mwaka 2023 mvutano huo ukawaka na kuishia mahakamani. Mimi si hakimu, na sitasema nani yuko sawa. Nasema tu kwamba waliotoa katika miaka ya 1920 walidhani wametoa milele, kumbe karatasi ilikuwa ikihesabu miaka.

Kila mwenye mali anayetaka kutoa ardhi, na kila kamati ya msikiti inayopokea ardhi, yafaa isome hati hadi mstari wa mwisho. Je, ni ya milele au ni ya lisi? Imeandikwa kwa jina la nani? Wasimamizi wakifa, nani atashika nafasi zao? Twajua misikiti na madrasa za bara ambazo ardhi yake iliandikwa kwa jina la mzee mmoja mwaminifu. Mzee akafa, watoto wakaja na hati mkononi.

MICHANGO YA KIPAZA SAUTI

Tukiacha Waingereza na hisani yao, Nakuru ni mahali ambapo Harambee ilishika sana. Mzee Kenyatta alipolitoa neno hilo kuwa wito wa taifa mwaka 1963, wananchi waliitikia kwa shule, zahanati na mabomba ya maji. Katika miaka ya 1970 Nakuru ilikuwa kitovu cha makampuni ya kununua mashamba ya walowezi, na kubwa lililovuma ni Ngwataniro la mwanasiasa Kihika Kimani. Wakulima wadogo walichanga senti zao wakanunua hisa, na kwa roho hiyo hiyo ya kuchanga kukajengwa mashule, na hata chuo cha ufundi na sayansi cha Bonde la Ufa pale Nakuru. Mema hayo tusiyasahau.

Lakini kadiri siku zilivyokwenda, Harambee ilivaa kanzu ya siasa. Mkubwa alikuja na bahasha, jina likatangazwa, kiasi kikatajwa, makofi yakapigwa. Mwenye majumba aliyetaka kibali cha ujenzi au kipande cha ardhi ya umma alijua ni mkutano gani wa kuonekana. Mwaka 2003 sheria ya maadili ya watumishi wa umma iliwekea mipaka mchezo huo, na Julai 2024, baada ya vijana kuandamana nchi nzima, Rais William Ruto alitangaza marufuku kwa maafisa wa serikali kushiriki michango ya hadhara. Kutangaza ni jambo moja na kutekeleza ni jingine. Wasomaji ni mashahidi wa yaliyofuata.

Waswahili husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mchango wa kipaza sauti una kasoro mbili mbele ya mwenye nyumba Mwislamu. Kwanza, unamfundisha kutoa palipo na macho ya watu. Pili, hutolewa mara moja ukaisha. Bati zikinunuliwa, mwalimu bado hajalipwa.

Nakumbuka Ijumaa moja katika mji huo wa Nakuru. Baada ya sala, mwalimu wa madrasa moja alisimama kuomba msaada. Hakuwa akiomba vitabu wala chakula. Alikuwa akiomba kodi ya miezi mitatu, kwa kuwa chumba wanachosomeshea watoto ni cha kupanga, na mwenyewe ametishia kufunga mlango. Bakuli likapita, tukatoa mia mia na hamsini hamsini. Katika safu ya mbele walikuwapo watu ambao kila mmoja wao ana jengo la ghorofa. Nao walitoa, sikatai, tena noti kubwa. Lakini mwezi wa nne utafika, na mwalimu atasimama tena. Mji wenye vyumba vya kupangisha visivyohesabika haujapata chumba kimoja cha watoto wale wasichotozwa kodi.

ZAKA YA PLOTI

Kabla ya sadaka kuna faradhi, na hapa ndipo penye ujinga mwingi. Nimewasikia watu wazima wakisema kwamba ardhi haina zaka. Maneno hayo ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli huponza.

Nyumba unayokaa haina zaka. Nyumba unayopangisha, kwa kauli ya wanavyuoni walio wengi, wakiwamo wa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi wetu Pwani, jengo lenyewe halitolewi zaka. Lakini kodi unayokusanya ukaiweka, ikafika nisabu na kutimiza mwaka, ina zaka ya moja katika arubaini. Ama ploti iliyonunuliwa kwa nia ya kuiuza, hiyo ni bidhaa kama gunia la mchele dukani. Hupimwa kwa bei ya soko kila mwaka, na zaka yake ni hiyo hiyo ya moja katika arubaini.

Tupige hesabu. Mtu amenunua ploti tano Lanet kwa nia ya kuuza bei ipandapo. Tuseme kila moja ina thamani ya shilingi 800,000. Jumla ni 4,000,000, na zaka ya mwaka ni 100,000. Ni watu wangapi kati ya wenye ploti tano wanaolijua hilo? Wengi hujibu kwamba hawajauza, hivyo hawana fedha. Wafuasi wa Imam Malik wamempa nafuu mtu anayengojea bei, kwamba atoe zaka ya mwaka mmoja siku atakapouza. Lakini hata wao hawakusema kuwa hana kitu juu yake.

Sheikh Yusuf al-Qaradawi, aliyefariki mwaka 2022, alikwenda mbali zaidi katika kitabu chake mashuhuri juu ya zaka. Yeye aliona majumba ya kupangisha ya zama zetu yafananishwe na shamba: kodi itolewe zaka kama mazao, moja ya kumi baada ya kuondoa gharama. Mwenye vyumba kumi vya shilingi 4,000 kwa mwezi hupata 480,000 kwa mwaka. Akiondoa matengenezo na gharama nyingine, tuseme 130,000, zabaki 350,000, na zaka yake kwa kauli hiyo ni 35,000. Si lazima msomaji aifuate kauli hiyo, na masheikh wetu wana haki ya kuijadili. Lazima yake ni kwenda kwa sheikh anayemwamini na kuuliza, badala ya kujitolea fatwa mwenyewe.

Wapo pia wanaosema kwamba serikali imeshachukua. Ni kweli, tangu Januari 2024 ushuru wa kodi za nyumba za kuishi ni asilimia 7.5 ya mapato yote kwa wenye nyumba wa kiwango cha kati, kutoka asilimia 10 ya awali. Lakini ushuru si zaka. Mmoja hujenga barabara, mwingine humfikia maskini aliyetajwa ndani ya Kurani.

MPANGAJI NDIYE WA KWANZA

Nenda Kaptembwa au Rhonda, mitaa ya wafanya kazi wa Nakuru, au Karagita kule Naivasha wanakokaa wachumaji wa maua. Chumba kimoja hulala jamaa nzima, choo ni cha watu wengi, na tarehe tano mwenye nyumba au keyateka hupita akigonga milango. Mtu mwenye majengo huko anapotaka kutoa sadaka, hahitaji kutafuta maskini wa mbali. Maskini wake ana funguo ya mlango wake.

Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia nchini na kazi zikasimama, mwenye nyumba mmoja wa Nyandarua, kaunti iliyo jirani na Nakuru, aliwaambia wapangaji wake wasilipe kodi kwa miezi miwili. Habari zake zilivuka mipaka ya Kenya hadi magazeti na televisheni za ng'ambo zikamtangaza. Nilifurahi, kisha nikasikitika. Kwa nini tendo la mtu mmoja liwe habari ya dunia? Ni kwa sababu walikuwa wachache mno. Katika miezi hiyo hiyo kulikuwa na wenye nyumba walioondoa mabati na milango ili wapangaji wahame wenyewe.

Sisi Waislamu tuna aya ya 280 ya Sura al-Baqara, inayoamrisha mdaiwa mwenye dhiki angojewe mpaka apate nafasi, na inayotueleza kuwa kumsamehe kabisa ni bora zaidi. Aya hiyo husomwa na wenye nyumba wetu kila Ramadhani. Inawahusu wao kuliko inavyomhusu mtu mwingine yeyote, kwa kuwa wao ndio wadai wa kila mwezi. Futari ya tende na sambusa kwa watu mia ni jambo jema. Lakini anayefuturisha msikitini jioni, na asubuhi amemfungia mjane kufuli la mlango, aangalie vizuri mizani yake.

WAKFU: TULIKOTOKA NA TUENDAKO

Wakfu katika Uislamu unafungamana na swali la mwenye ardhi. Sayyidna Umar alipata ardhi nzuri Khaibar, akamwendea Mtume kumuuliza aifanyeje. Akaelekezwa azuie asili yake na atoe mazao yake. Basi ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi, na kinachopatikana huenda kwa maskini, jamaa, wasafiri na wageni.

Wazee wetu wa Mombasa, Lamu na Unguja waliifuata njia hiyo, wanaume kwa wanawake. Ndiyo sababu misikiti ya miji yetu ya kale ina maduka, nyumba na mashamba ya minazi. Serikali ya kikoloni iliunda tume ya wakfu ya Pwani mwaka 1900. Mwaka 1951 ikatungwa sheria nyingine, na umuhimu wake ulionekana mara moja, kwani kesi ya Mombasa iliyoamuliwa London na Baraza la Privy ilitangua wakfu wa jamaa uliokuwa umewekwa kabla yake. Mwaka 1948 ulipoanza mpango wa chuo cha ufundi cha Waislamu Mombasa, yaani MIOME, Aga Khan, Sultani wa Unguja na jamii ya Bohora walichangia fedha, na ardhi ikatolewa na Sheikh Khamis Mohamed bin Juma. Chuo hicho ndicho leo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kwa hiyo Pwani nayo ina Egerton wake, ila sisi hatumtaji.

Lakini tusijidanganye. Wakfu wetu wa Pwani umechakaa. Kwa miaka mingi yamekuwapo malalamiko ya nyumba za wakfu kupangishwa kwa kodi ya zamani isiyotosha hata rangi, na ya viwanja vilivyoyeyuka. Na Mswahili anapohamia bara hubeba biriani, buibui na kasida, lakini wakfu huuacha Kilindini. Kwa muda mrefu alikuwa na udhuru: tume ilikuwa ya Pwani. Udhuru huo umekwisha. Sheria mpya ya wakfu ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 1951, inaihusu nchi nzima. Mwenye nyumba wa Bondeni au Naivasha anaweza kuwekea wakfu kama mwenye nyumba wa Kibokoni.

Tena hahitajiki kuwa lodi. Kwa madhehebu ya Shafi, inajuzu kuweka wakfu fungu la mali isiyogawanywa. Mwenye vyumba kumi anaweza kusema: fungu moja katika kumi la jengo hili ni wakfu kwa madrasa. Kwa vyumba vya shilingi 4,000, hizo ni shilingi 48,000 kila mwaka, akiwa hai na akiwa kaburini. Wenye nyumba kumi wakifanya hivyo, mwalimu yule wa Ijumaa hatasimama tena na bakuli.

Masharti yake ni machache. Jambo liandikwe na lisajiliwe, lisiishie katika maneno ya barazani. Wasimamizi wawe zaidi ya mmoja, na hesabu isomwe hadharani kila mwaka. Mtu afanye hivyo akiwa mzima, kwa maana anayengojea maradhi ya mauti hana ruhusa ya kupita thuluthi. Na wala asiufanye wakfu kuwa hila ya kuwanyima mabinti urithi wao. Hiyo nayo ni dhuluma iliyovishwa kilemba.

Ndugu zangu mlionunua Nakuru, na nyinyi mnaotafakari kununua, jiji lile litazidi kukua na bei zitazidi kupanda. Baada ya miaka hamsini hizo ploti zitakuwa zimeuzwa na kugawanywa na kuuzwa tena, na majina yetu yatakuwa yamefutwa kwenye daftari la ardhi. Kabla ya hapo, kila mmoja wetu na aketi na hati zake, ahesabu vyumba vyake, kisha achague kimoja.

Wallahu aalam.